Msitu ni Wetu, Bwana Miti ni Mwenzetu

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wenyeji wa vijiji vyenye misitu



Tumeombwa tuseme leo juu ya misitu. Twajua wako walioguna waliposikia habari hii. Walitazamia siasa, nasi twaja na habari za miti. Lakini twawauliza: siasa ni nini kama si kujua mali ya nchi ni ipi, imo mikononi mwa nani, na inatunzwa namna gani? Mwenye nyumba asiyejua paa lake linavuja wapi huyo si mwenye nyumba, ni mpangaji. Vivyo hivyo mwananchi asiyejua mipaka ya msitu wa kijiji chake, wala miti iliyomo, wala nani anaikata usiku, huyo ni mpangaji katika nchi yake mwenyewe.

Pengine mtu atasema: "Misitu ni ya Serikali, tuwaachie wenyewe." Basi sikilizeni, ndugu. Hesabu ya misitu ya Tanzania Bara iliyotolewa mwaka 2015 ilionyesha kwamba tuna hekta milioni 48.1 za misitu na mapori ya miti. Karibu nusu yake imo katika ardhi ya vijiji. Ardhi yote ya nchi ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeiweka ardhi ya kijiji chini ya usimamizi wa Halmashauri ya Kijiji. Kwa hiyo karibu nusu ya misitu hiyo haimo mikononi mwa kampuni, wala mwa Wizara, wala mwa tajiri mmoja. Imo mikononi mwetu sisi wenyewe. Na hesabu hiyo hiyo ilionyesha kwamba nchi ilikuwa ikipoteza zaidi ya hekta 300,000 za misitu kila mwaka. Mali ni yetu, na hasara ni yetu.

Tulivyonyang'anywa, na tulivyozoea

Wazee wetu hawakuhitaji kufundishwa kwamba mti ni mali. Walikuwa na misitu ya matambiko, misitu ya makaburi, na vichaka vya kulinda chemchemi. Aliyekata hapo aliitwa mbele ya wazee akatozwa. Kisha akaja mtawala mgeni. Wajerumani walianza kutenga misitu ya serikali kabla ya vita vya mwaka 1914, na Waingereza wakaendelea, wakatunga sheria yao ya misitu mwaka 1921. Msitu ukawekewa alama za mpaka, na mwenyeji akaambiwa asivuke.

Sisi tuliokulia karibu na misitu ya namna hiyo tuliyasikia mambo yake nyumbani. Mama zetu walikwenda kutafuta kuni, wakarudi bila kuni na bila panga, maana panga limechukuliwa na mlinzi. Mtoto akiona kofia ya bwana miti kwa mbali alikimbia kama aliyeona chui. Bwana miti hakuja kufundisha, alikuja kukamata. Na mwenyeji naye hakumwona kuwa mtaalamu, alimwona kuwa adui.

Tuseme kweli bila kuogopa. Bendera ya mkoloni ilishuka mwaka 1961, lakini sheria ya misitu ya mwaka 1957 iliendelea kutumika mpaka ilipotungwa sheria mpya, namba 14 ya mwaka 2002. Kwa miaka zaidi ya 40 tulikuwa huru huku bwana miti na mwanakijiji wakiendelea kutazamana kwa jicho la zamani. Matokeo yake mnayajua. Kitu kisichokuwa chako hukionei uchungu. Kila mmoja akasema: "Nisipokata mimi, atakata jirani." Akakata, na jirani akakata, na wote wawili leo wananunua kuni.

Habari ya Duru-Haitemba

Twapenda kuwapa mfano mmoja wa kweli. Huko wilaya ya Babati uko msitu wa miombo uitwao Duru-Haitemba, ukubwa wake kiasi cha hekta 9,000. Umekaa juu ya vilima, na vijiji vimeuzunguka, kama Duru, Gidas, Ayasanda, Riroda na Endagwe. Wenyeji walipata humo kuni, asali, dawa, majani ya mifugo na maji.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 maofisa walianza kuupima msitu ule ili uwe hifadhi ya Serikali. Nia yao ilikuwa njema: waliona unaharibika, wakataka kuuokoa. Lakini wenyeji walipoona wapimaji, walisema moyoni: "Sasa unachukuliwa." Wengi wakaingia na mashoka kuchukua walichoweza kabla mlango haujafungwa. Basi tazameni ajabu hii: hatua iliyokusudiwa kuuponya msitu ndiyo iliyouongezea maradhi.

Hapo yalifanyika mambo ya busara. Badala ya kuleta askari, maofisa wa misitu na washauri wao walikaa kitako na wanavijiji wakawauliza: "Mkipewa ninyi, mtautunza?" Wanavijiji wakasema wataweza. Kila kijiji kikatembea mpaka wake, kikaandika kanuni zake, kikachagua vijana wa kulinda. Wakakubaliana wao kwa wao: hapana kulima ndani, hapana kuchoma mkaa, hapana kuchuna magome ya mti mpaka ukafa, kuni kavu ruhusa. Kufika mwaka 1994 na 1995 kanuni hizo zilikuwa sheria ndogo zilizokubaliwa na Halmashauri ya Wilaya. Waliokwenda kuutazama msitu miaka iliyofuata waliandika kwamba uvamizi umekoma, machipukizi yanainuka, na nyuki wamerudi.

Je, ni nini kilichobadilika? Miti ni ile ile na mvua ni ile ile. Kilichobadilika ni jibu la swali moja tu: msitu ni wa nani? Na jambo la pili halipungui uzito: bwana miti hakufukuzwa. Alibaki, lakini akahama upande. Zamani alisimama kati ya mwenyeji na msitu. Sasa akasimama karibu na mwenyeji wakautazama msitu pamoja.

Habari hiyo ilienea. Huko Singida vijiji 5 vilichukua ulinzi wa msitu wa Mgori, wenye kiasi cha hekta 44,000. Huko Kiteto vijiji vya kata za Sunya, Lengatei na Dongo viliungana juu ya msitu mmoja, wakachukua herufi za mwanzo za majina hayo matatu wakauita Suledo. Na sheria ya mwaka 2002 ikaja kuthibitisha yale yaliyokwisha kutendwa na wananchi: kijiji chaweza kutangaza hifadhi ya msitu katika ardhi yake, kikaisimamia, kikatoza faini, na mapato ya mazao ya msitu huo yakabaki kijijini.

Bwana miti naye alijifunza

Tusije tukadhani kwamba elimu hutoka upande mmoja tu. Shinyanga yatufundisha kinyume chake. Wakati wa ukoloni miti ya Usukuma ilifyekwa kwa maelfu ya ekari ili kufukuza mbung'o, na pamba ikaongeza mahitaji ya mashamba. Baadaye, katika miaka ya 1970, watu walipohamishiwa vijijini, wengi waliacha nyuma maeneo waliyokuwa wakiyatunza. Ardhi ikawa tupu, upepo ukacheza na vumbi.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, iliyojulikana kwa jina la HASHI. Wataalamu walianza kama walivyosomeshwa: vitalu vya miche, miche ya kigeni, watu waitwe kupanda. Watu walipanda kidogo, na miche mingi ikafa kwa jua na kuliwa na mifugo. Ndipo wataalamu walipowasikiliza wazee wa Kisukuma. Wazee wakasema: "Sisi tuna ngitili." Ngitili ni eneo linalofungwa mvua zinapoanza, majani yakakua, na kufunguliwa wakati wa kiangazi ili ndama na ng'ombe dhaifu wapate malisho. Na mahali palipofungwa, visiki vilivyosahauliwa ardhini vikachipua vyenyewe. Hapakuwa na haja ya mche wa kununua.

Mwaka 1986 ngitili zilizohesabiwa zilikuwa kiasi cha hekta 600. Miaka ya mwanzo ya 2000 zilizidi hekta 300,000. Nyingine ni za kijiji, nyingine ni za ukoo au za mtu na nyumba yake. Sungusungu walizilinda, na mkutano wa jadi wa dagashida ukatoa hukumu kwa wavunjaji. Mtaalamu alileta vipimo na mbinu za kuzuia mmomonyoko. Mzee alileta kanuni ambazo watu waliziheshimu tangu zamani. Angekuja mtaalamu peke yake, angeondoka na vitalu vyake vikavu. Wangebaki wazee peke yao, kanuni ile ingekufa nao. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kila mmoja na kazi yake

Sasa tuseme wazi kazi ya kila mmoja, maana ushirika usio na mgawanyo wa kazi huishia katika lawama.

Kazi ya kwanza ni mipaka. Msitu usio na mpaka hauna mwenyewe. Hapo wazee ndio wataalamu: wao wajua mto ule na jiwe lile. Bwana miti huja na vyombo vyake kuandika alama hizo katika ramani, na majirani wa kijiji cha pili hushuhudia ili pasiwe na ugomvi kesho.

Kazi ya pili ni kuhesabu. Hakuna anayehesabu mti mmoja mmoja katika msitu wa hekta 5,000. Bwana miti huchagua viwanja vidogo hapa na pale, akapima unene wa kila mti, akaandika jina lake. Jina lenyewe atalipata kwa nani? Kwa mwenyeji anayejua mninga ukiwa bado mche, na mpingo ukiwa kichaka cha miiba. Kisha hesabu hufanywa, na kijiji hujua miti mingapi mikubwa ipo, na mingapi midogo inakuja nyuma yake. Msitu wenye miti mikubwa tu bila watoto ni kama kijiji chenye wazee tu.

Kazi ya tatu ni mpango na sheria ndogo. Hapa kijiji ndicho kinachoamua katika mkutano mkuu, si bwana miti. Yeye husema msitu unaweza kustahimili kiasi gani. Sisi ndio tunaosema tunahitaji nini. Kisha Halmashauri ya Wilaya hupitisha.

Kazi ya nne ni ulinzi na daftari. Kamati ya maliasili ya kijiji huchaguliwa na wananchi, wanawake kwa wanaume, nayo hutoa habari kwa wananchi. Twasisitiza wanawake kwa sababu moja rahisi: katika nyumba nyingi anayeingia msituni kila siku ni mama. Yeye ndiye wa kwanza kuona kisiki kipya. Kamati isiyo na mama ni kamati yenye jicho moja.

Moto, adui aliye nyumbani

Afya ya msitu ni kama afya ya mtu: maradhi mengine hutoka nje, mengine twajiletea. Moto twajiletea. Mrina asali huacha kienge, mkulima huchoma shamba bila kufyeka mpaka, mwindaji huwasha ili wanyama watoke, mfugaji huwasha apate majani mabichi. Kila mmoja huona moto wake ni mdogo.

Katika nchi ya miombo bwana miti atatuambia jambo ambalo wazee wengi wanalijua pia: moto wa mwezi wa Septemba si sawa na moto wa mwezi wa Mei. Mwishoni mwa kiangazi majani yamekauka kabisa, moto hupanda juu, huua machipukizi na kuunguza mpaka miti mikubwa. Lakini mvua zinapokwisha, majani yakiwa bado na ubichi, waweza kuchoma vipande kwa uangalifu, jioni, upepo ukiwa umetulia. Moto huo hupita chini polepole na kuacha barabara isiyo na kitu cha kuungua. Moto mkubwa ukija baadaye, hufika pale ukafa. Hii yahitaji kijiji kizima kupanga siku moja, na vijana kusimama na matawi mabichi. Mtu mmoja akifanya peke yake, ni hatari. Kijiji kikifanya pamoja, ni dawa.

Kukata si dhambi

Wako wanaodhani kwamba kutunza msitu ni kuufunga na kuutazama. Hatusemi hivyo. Mtu mwenye njaa haambiwi atazame ghala. Mti ni zao, ila ni zao la wavumilivu. Mpingo wahitaji miaka 70 hadi 100 kabla ya kufaa kuvunwa. Anayeukata leo anavuna alichoachiwa na babu, na inampasa awaachie wajukuu.

Huko Kilwa wanavijiji walishirikiana na wataalamu kuhesabu mipingo yao na kuweka kiwango cha kuvuna kila mwaka. Mwaka 2009 misitu ya Kikole na Kisangi ilipata cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi bora, misitu ya asili ya kwanza barani Afrika inayosimamiwa na wanakijiji kupata cheti hicho. Mti ule unaotengenezewa zumari za Ulaya, ambao zamani gogo lake lilitoka kijijini kwa bei ya kutupa, sasa uliuzwa na kijiji chenyewe, kwa kipimo na kwa risiti, na fedha zikaingia katika mfuko wa kijiji.

Na mkaa je? Miji yetu hupika kwa mkaa, na kupiga kelele hakutazima majiko. Huko Kilosa, tangu mwaka 2012, vijiji kadha vilianza kuvuna mkaa kwa mpango. Sehemu ya msitu hugawanywa vipande vya mita 50 kwa 50 kama ubao wa drafti. Kipande kimoja huvunwa, jirani yake huachwa. Kilichovunwa hupumzishwa miaka 24. Mti wa mbao haukatwi kwa mkaa, wala mti wenye nyuki. Kisiki huachwa kikiwa hai ili kichipue. Mchoma mkaa hulipa ushuru kwa kijiji na kupewa risiti. Yule yule aliyekuwa akikimbizwa usiku kama mwizi akawa mfanyakazi anayejulikana, mwenye eneo lake na kipimo chake. Ndugu, twaona hapo ukweli mkubwa: mara nyingi si kazi iliyo mbaya, bali kuifanya gizani.

Wenye mashamba ya miti

Neno sasa kwa ndugu wa nyanda za juu kusini, huko Mufindi na Njombe, na kwa wote wenye ekari zao za misindano na mikaratusi. Ninyi miti yenu ni ya kupanda, na ni mali ya mtu na nyumba yake. Je, mwahitaji bwana miti? Mwahitaji sana.

Mnakumbuka miti ya saipresi iliyokauka. Vidukari, yaani chawa wa miti, walionekana Malawi mwaka 1986, wakafika kwetu mwaka 1988, na Kenya mwaka 1990. Mdudu mdogo kuliko punje ya mtama aliangusha ua na mashamba ya miti katika nchi kadha. Mwenye shamba aliona miti inakuwa myekundu, akadhani ni ukame. Mtaalamu ndiye aliyetambua mdudu, na wataalamu ndio waliotafuta nyigu mdogo anayekula mdudu huyo, wakamwachia Malawi mwaka 1994 na baadaye katika nchi nyingine. Mwenye shamba hawezi kufanya kazi hiyo. Lakini mtaalamu naye hawezi kulala katika kila shamba. Anayepita shambani kila asubuhi ndiye macho ya nchi. Basi ukiona majani yanabadilika rangi, usingoje shamba lote likauke. Kata tawi, mpelekee bwana miti, mweleze lilianza lini na upande gani.

Tena msibanane kupita kiasi kwa tamaa. Miti iliyosongamana hunyang'anyana maji na mwanga, ikawa miembamba na dhaifu, na mdudu hupenda dhaifu. Mtaalamu akikwambia upunguze, usimwone mharibifu. Na ufyeke njia ya moto kati yako na jirani. Moto hausomi hati ya shamba.

Maradhi ya ndani

Twaja sasa kwenye neno chungu. Tumesifu vijiji, na sifa hizo ni za haki. Lakini msitu ukiwa mali ya kijiji, mwizi naye huhamia kijijini. Tumeona kijiji ambacho hatutakitaja, ambapo lori liliingia saa nane za usiku, na lilipoulizwa lilikuwa na kibali halali kilichotiwa sahihi na viongozi wawili bila mkutano kujua. Miti iliyokatwa ilikuwa mara tatu ya iliyoandikwa. Walinzi vijana waliolala porini siku nyingi walipoona vile, wakavua viatu vya kazi wakaenda zao. Hawakushindwa na wezi. Walishindwa na aibu ya viongozi wao.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo twasema: hesabu za msitu zisomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, si kwa maneno ya jumla bali kwa tarakimu. Miti mingapi imekatwa, imeuzwa kwa nani, kwa shilingi ngapi, na fedha zimefanya nini. Gogo lisilogongwa nyundo lisivuke mpaka. Na mwanachama wa chama atakayesikia mambo ya siri akanyamaza kwa sababu mwizi ni mwanachama mwenzake, huyo ameshika kadi lakini hajakishika chama.

Na Serikali nayo twaiambia kwa heshima, kama mtoto anavyomwambia baba yake jambo la kweli. Sheria nzuri yenye njia ndefu humchosha mwananchi. Huko Liwale, katika msitu mkubwa wa Angai, kazi ilianza miaka ya 1990, na ikapita zaidi ya miaka 10 kabla vijiji havijakamilisha yaliyotakiwa. Mwanakijiji akingoja muhuri miaka 10, mkata magogo hangoji hata wiki. Bwana miti mmoja kwa vijiji vingi, hana pikipiki, hana mafuta, huyo amepewa cheo lakini hakupewa kazi. Tukitaka ushirika wa kweli, na upande wa pili uwe na miguu ya kufikia.

Tufanye nini kesho asubuhi

Ndugu, tusiondoke hapa na makofi tu. Kila tawi likirudi nyumbani liulize maswali manne. Je, kijiji chetu kimetenga msitu wake kwa sheria, au bado ni pori la kila mtu? Je, mpango wa kuutunza upo, na nani amewahi kuusoma? Je, hesabu za mwaka uliopita zilisomwa mkutanoni? Je, bwana miti wa wilaya twamjua kwa sura, naye anatujua?

Likipatikana jibu la "hapana" hata mara moja, hapo ndipo pa kuanzia. Andikeni barua kwa bwana miti, mwiteni kijijini, mpeni kiti na maji ya kunywa. Mkimwona ana kiburi cha zamani, mwambieni kwa adabu kwamba siku hizo zimepita. Mkiona nanyi mna chuki ya zamani, iacheni. Tembeeni naye msituni kutoka mpaka hadi mpaka. Mwonyesheni chemchemi. Naye awaonyeshe mti mgonjwa na mti mzima, na namna ya kukata kisiki ili kichipue.

Msitu haufi siku moja wala hauponi siku moja. Hufa kwa shoka moja moja, na huponywa kwa zamu moja moja ya ulinzi, kwa moto mmoja uliozimwa, kwa ukurasa mmoja wa daftari ulioandikwa kwa haki. Wenzetu wa Babati waliulizwa: "Mkipewa, mtautunza?" Wakajibu, kisha wakatenda. Swali hilo liko mbele ya kila kijiji chenye msitu. Sisi twajua jibu letu. Kilichobaki ni kwenda kulitenda.